Yaamue Mapema Mambo Utakayoyakataa

Hotuba kwa wahasibu, wakaguzi wa ndani na maafisa ununuzi wapya wa serikali za mitaa, mwishoni mwa mafunzo yao ya awali

Ndugu Mwenyekiti, wakufunzi wetu, na ninyi vijana mnaokwenda kuanza kazi, naomba itifaki yote iwe imezingatiwa ili muda niliopewa niutumie kwa jambo moja tu.

Katika mafunzo haya mmefundishwa mambo ya kufanya. Mnajua kuandaa hati ya malipo, mnajua taratibu za kurejesha masurufu, mnajua zabuni inavyoendeshwa kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, na malipo yanavyopita kwenye MUSE, mfumo wa ulipaji serikalini. Hayo yote mtayahitaji tangu siku ya kwanza. Mimi niliyestaafu katika kazi ya ukaguzi wa ndani nimeombwa kuzungumzia maadili, na nimechagua kuyaendea kwa upande ambao mara nyingi hatuupi nafasi ya kutosha, yaani mambo ambayo mtumishi anapaswa kuwa ameshaamua kutoyafanya kabla hajakalia kiti chake cha kazi. Nasisitiza kwamba uamuzi huo utangulie, kwa kuwa katika miaka yangu yote ya utumishi nimeona watu wengi wema wakianguka, na karibu wote walianguka kwa namna moja: walingoja waombwe ndipo waanze kufikiri.

Niwaeleze jinsi jambo lenyewe linavyokuja. Mwaka wa fedha wa Serikali unafungwa tarehe 30 Juni. Wiki ya mwisho ya mwezi huo, ofisi ya fedha ya halmashauri hailali, maana kila idara inataka fedha zake zitoke kabla mwaka haujaisha. Katika wiki kama hiyo niliwahi kuletewa hati ya malipo ya vifaa vya zahanati: vitanda, magodoro na makabati ya dawa. Mkataba ulikuwapo, ankara ilikuwapo, na hati ya kupokelea mali ilikuwapo ikiwa imesainiwa na wajumbe wote wa kamati ya mapokezi. Nikaomba leja ya stoo. Ukurasa wa vitanda ulikuwa mtupu. Nilipomuuliza mtunza stoo, aliangalia chini asinijibu. Baada ya muda mfupi mkuu wa idara aliingia mwenyewe, akavuta kiti, akaniambia kwa upole kabisa: "Mama, mzigo umeshafika Chalinze. Tukisema tungoje, fedha zinarudi Hazina na wagonjwa watalala chini mwaka mzima. Wewe weka saini tu, sisi sote ni watu wazima hapa." Kidole chake kilikuwa tayari kimeshika pale penye mstari wa saini.

Naomba mtazame maneno yake kwa makini, kwa sababu mtayasikia. Hakuna hata moja ambalo ningeweza kusema ni uongo. Inawezekana kabisa mzigo ulikuwa Chalinze. Ni kweli kwamba vitanda vilihitajika, na hofu ya fedha kurudi Hazina ilikuwa hofu ya kweli pia. Mtu anayekuja kukuomba uvunje utaratibu haji na sura ya mwizi. Mara nyingi huja na hoja nzuri, huja ukiwa umechoka, na huwa ni mtu uliyekula naye na kuzikana naye. Ukiingia naye katika majadiliano saa hiyo, yeye amejiandaa na wewe hujajiandaa, basi atakushinda. Mimi nilikuwa na jambo moja tu la kusimamia, nalo nilikuwa nimeliamua zamani, siku ambayo hakuna aliyeniomba chochote: siidhinishi kwamba kitu kimepokelewa kama sijakiona kwa macho yangu. Nikamjibu, "Mkuu, mimi huwa sisaini mzigo ambao sijauona. Ukifika hata saa nane za usiku nipigie simu, nitakuja stoo na taa."

Aliniona mkaidi, na alinionyesha hivyo kwa miezi mingi. Lakini hakupata la kubishana nalo, kwa kuwa sikumwambia kwamba namshuku. Hii ndiyo faida ya uamuzi uliotangulia ambayo watu wengi hawaioni. Ukiamua siku hiyo hiyo, kukataa kwako kunakuwa hukumu juu ya mtu aliye mbele yako, naye ana haki ya kuchukia. Ukiwa na msimamo unaomhusu kila mtu, anayejulikana na asiyejulikana, mkubwa na mdogo, hujamtukana yeyote. Baada ya muda watu hata hawaji tena, maana habari zako zimeshafika.

Sasa, mambo ya kukataa huchaguliwaje? Hapa naomba niwarudishe kwenye historia ya nchi yetu, kwa sababu tunao mfano ambao vijana wengi wanausikia kwa jina tu. Halmashauri Kuu ya TANU, chama kilichotawala Tanzania Bara wakati huo, ilikutana Arusha kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na Azimio lililotoka huko likatangazwa tarehe 5 Februari mwaka huo. Wengi wakilitaja Azimio la Arusha wanakumbuka benki na viwanda kutaifishwa. Sehemu yake ya mwisho, yenye masharti ya uongozi, ni orodha fupi ya mambo ambayo kiongozi wa TANU au wa Serikali hakuruhusiwa kuwa nayo. Awe mkulima au mfanyakazi, asishiriki katika jambo lolote la kibepari wala la kikabaila. Asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Asipokee mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba ya kupangisha.

Kabla ya hapo TANU ilikuwa na ahadi zake, na wazee wenu watakuwa bado wanazikariri: "Cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." "Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa." Ni maneno mazito na mimi nayaheshimu. Hata hivyo, ahadi ya namna hiyo mtu anaweza kuitamka asubuhi kwa moyo mweupe na jioni akaivunja bila kujua kwamba ameivunja, kwa sababu nani atasema ni wapi hasa faida ya cheo inapoanzia? Masharti ya mwaka 1967 yaliondoa shaka hiyo. Nyumba ya kupangisha unayo au huna. Mshahara ni mmoja au ni miwili. Jirani anaweza kuhesabu, mkaguzi anaweza kuhesabu, na wewe mwenyewe huwezi kujidanganya. Ndiyo maana nawaambia, mkikaa kuandika mambo yenu, msiandike "nitakuwa mwadilifu". Andikeni kitu kinachoonekana: sitampa mtu yeyote nywila yangu ya mfumo, hata akiwa bosi wangu, hata nikiwa likizo. Enzi zetu hatari ilikuwa kusaini hundi tupu ukamwachia mwenzako aje aijaze. Leo hundi tupu ni nywila. Sitapokea kitu kwa mzabuni, hata nauli, hata vocha ya simu, hata kama zabuni yake imeshaisha. Sitasaini orodha ya posho ya semina ambayo sikuhudhuria.

Kuna kifungu kimoja katika yale masharti ambacho nadhani ndicho chenye busara kubwa kuliko vyote, na ni nadra kutajwa. Azimio lilieleza kwamba kiongozi maana yake ni mtu na mkewe, au mwanamke na mumewe. Waliokaa pale Arusha walijua njia ambayo mtu angeipitia. Na ninyi mtaipitia hiyo hiyo msipoangalia: kampuni ya vifaa vya ofisi inasajiliwa kwa jina la mke, au la shemeji, na inaomba zabuni katika halmashauri ambayo mume ndiye afisa ununuzi. Kwenye makaratasi hakuna kosa linaloonekana. Kwa hiyo mwenzi wako anapaswa kuijua orodha yako, na aijue mapema, kabla hajaingia gharama za leseni na za kodi ya pango kwa matumaini ambayo wewe utalazimika kuyakata.

Nisingekuwa mkweli kwenu kama ningeishia kwenye sifa. Masharti hayo yaliondolewa. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, chama kilichoirithi TANU, ilikutana Zanzibar, na kuanzia hapo kiongozi aliruhusiwa kuwa na hisa, kupangisha nyumba na kupokea zaidi ya mshahara mmoja. Mwaka 1995 tukapata Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Namba 13, inayomtaka kiongozi atamke mali na madeni yake. Wapo wanaosema uamuzi wa Zanzibar ulikuwa usaliti, na wapo wanaosema ulikubali tu hali iliyokuwa imeshakuwapo. Mimi nilikuwa mtumishi katika miaka ya themanini, na naelemea upande wa pili kwa masikitiko. Mshahara ulikuwa umepoteza thamani kiasi kwamba haukuweza kufikisha familia katikati ya mwezi. Walimu waliuza maandazi, maafisa walifuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba za Serikali, na kila mtu alikuwa na kile tulichokiita mradi. Sharti la mshahara mmoja linamhitaji mtu anayeweza kuishi kwa mshahara mmoja. Likikosa msingi huo linavunjwa kwanza kwa siri, kisha hadharani, na mwishoni wanaolivunja ndio wanaolifuta.

Nasimama hapo kwa sababu ndipo kazi yenu na maisha yenu yanapokutana, na ndilo jambo hasa lililonileta. Uwezo wako wa kukataa ofisini unajengwa nyumbani. Utaratibu wa utumishi wa umma unataka makato ya mtumishi yasizidi theluthi mbili ya mshahara wake, yaani abaki na angalau theluthi moja. Watu wanauchukulia ukomo huo kama ruhusa. Chukueni mtumishi wa mshahara wa shilingi 900,000 anayekatwa mpaka ukomo: anarudi nyumbani na shilingi 300,000 za kodi, chakula, nauli na ada za watoto. Mwezi wa pili anakwenda kwa wakopeshaji wa mitaani, wale wa mikopo ambayo wananchi wenyewe wameiita kausha damu, wanaomshikia kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri. Mtumishi huyo bado ana cheo na bado ana saini. Siku mkuu wa idara atakapovuta kiti na kumwambia mzigo uko Chalinze, na kumwachia bahasha ndogo ya "maji ya kunywa", mnadhani atajibu nini? Simlaumu kwa ulafi. Mara nyingi anakuwa amepoteza uhuru wake muda mrefu kabla ya siku hiyo, kwenye dawati la mikopo, kwa ajili ya gari au kiwanja au harusi.

Hili nalo limo katika Azimio, ingawa pale lilikuwa linazungumzia nchi nzima. Linaeleza wazi kwamba kutegemea misaada na mikopo ya nje kungeuhatarisha uhuru wetu, na waliolipitisha hawakuwa wanabahatisha. Mwanzoni mwa mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu tuliiruhusu Ujerumani Mashariki kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam, na Mwalimu Nyerere akawaambia wachukue na msaada wa kiserikali uliobaki. Desemba mwaka huo huo tulivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu haikuuzima utawala wa walowezi wachache waliojitangazia uhuru Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Taifa changa lilikataa na likalipa. Aliyeongoza ukataaji huo alikuwa ameona kwa macho yake kwamba mwenye kukupa fedha anadhani amenunua na kauli yako. Mtumishi mmoja mmoja yuko katika hali hiyo hiyo kwa kiwango chake.

Najua ugumu wa michango. Kijana akishaajiriwa Serikalini, ukoo mzima unamhesabu, na kundi la harusi kwenye simu halipumziki. Siwaambii mwanyime ndugu zenu. Mtu asiyezika na asiyesaidia mzazi atakosa watu wa kumsaidia naye, na hilo pia ni hatari. Ninachowaomba ni kwamba mpange kiasi, mkiseme mapema kwa heshima, na msikope ili mchangie. Na msimdhamini mtu mkopo ambao hamwezi kuulipa wenyewe. Wapo wastaafu wenzangu ambao mafao yao yameondoka kwa deni la mtu mwingine.

Sasa niseme juu ya kosa la upande wa pili, kwa sababu nisipolisema baadhi yenu mtaondoka hapa mkiwa wabaya zaidi kuliko mlivyokuja. Kuna mtumishi anayekataa kila kitu. Haidhinishi, hakatai rasmi, analikalia faili. Mkandarasi aliyejenga darasa kwa haki, akakaguliwa, akapewa cheti, anangoja malipo yake miezi sita kwa sababu mtu mmoja anaogopa hoja za ukaguzi. Mafundi hawajalipwa, duka la saruji linamdai, na mtumishi yule anajiita mwangalifu. Huo ni woga, na una wahanga wake ambao hawaonekani kwenye taarifa yoyote. Orodha yako ya kukataa inapaswa kuwa fupi kiasi cha kukuachia nguvu ya kufanya kazi kwa kasi katika yote yaliyobaki. Mtu aliyeshaamua mambo matano hatayafanya hahitaji kutetemeka mbele ya kila faili. Akikuta faili halimo katika hayo matano na nyaraka zimetimia, anasaini saa hiyo hiyo na mwananchi anaondoka na haki yake.

Kukataa kwenyewe kuna adabu. Usikatae barazani mbele ya watu, usimpandishie mkuu wako sauti, na usikatae bila kuonyesha njia nyingine inayowezekana. Mwambie: mkuu, hili siwezi, ila tukifanya hivi tutafika. Akisisitiza, andika dokezo sabili, yaani maelezo mafupi ya ndani ya ofisi, eleza kwa sentensi chache ulichokiona na ushauri wako, kisha omba maelekezo yake kwa maandishi. Nimeshuhudia mara nyingi agizo lililotolewa kwa ukali mdomoni likiyeyuka pale tu lilipoombwa liandikwe. Uhakiki wa mwaka 2016 ulioondoa maelfu ya watumishi hewa kwenye orodha za mishahara ulitukumbusha kwamba kila jina la uongo lilikuwa na mtu aliyeliingiza na mtu aliyeliacha lipite mwezi baada ya mwezi, na wengi wa hao hawakuwa na hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba waliwahi kuuliza.

Wala sitawaficha gharama. Unaweza kuhamishwa. Unaweza kuachwa kwenye safari na kwenye mafunzo, ukaitwa si mwenzetu, ukakaa peke yako wakati wa chai. Mimi nimehamishwa kwa sababu hiyo, na kuhama na watoto wa shule katikati ya muhula ni jambo zito. Lakini mtu asiye na deni la kumfunga anahama, anapanga chumba, anaanza upya. Mtu aliyefungwa na mikopo ndiye ambaye uhamisho unamtisha kiasi cha kusaini chochote. Mnaona jinsi mambo haya mawili yasivyoachana.

Wakati wa mapumziko kijana mmoja alinifuata pembeni akaniuliza swali ambalo naomba nilijibu mbele ya wote, kwa kuwa naamini hakuwa anauliza kwa ajili yake peke yake. Aliuliza, "Mama, na yule ambaye ameshaingia, ameshasaini mara moja, afanye nini?" Jibu langu ni kwamba asimame hapo alipo, asisaini ya pili kwa ajili ya kuifunika ya kwanza. Katika ukaguzi wangu, hasara kubwa hazikutokana na ile saini ya kwanza. Zilitokana na hati zilizotengenezwa baadaye ili ya kwanza ionekane sawa: leja iliyoandikwa upya, stakabadhi iliyotafutwa mjini, tarehe iliyorudishwa nyuma. Aende kwa mkuu wake, au kwa mkaguzi wa ndani, kabla mkaguzi wa nje hajafika, aseme kilichotokea na aeleze kama mzigo ulikuja au haukuja. Ikiwa mkuu wake ndiye aliyeshiriki, ofisi za TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, zipo wilayani. Huenda akapewa onyo, huenda akakatwa fedha, huenda yakawa makubwa zaidi kulingana na kosa, na sina mamlaka ya kumwahidi msamaha. Ninachojua ni kwamba atakayekwenda mwenyewe akiwa na maelezo yake mkononi atasikilizwa tofauti na atakayefuatwa, na kwamba usiku huo huo anaweza kuanza kuandika lile jambo lake la kwanza ambalo hatalifanya tena.

Wiki ijayo mtaripoti vituoni, na maafisa mikopo wa benki huwa wanawahi kufika kabla hamjapata hata meza. Fomu zao zitakuwa zimeshajazwa nusu. Naomba msisaini chochote mwezi huo wa kwanza.